Kangaga la mbuni: lipande mbali na ukuta, lichemshe dakika 15

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani: "Bwana shamba, kwetu ni Uvira, Kongo. Jirani yangu, mzee wa hapa hapa, ameniletea ndoo yenye visiki vitatu vya majani fulani, pamoja na mfuko wa vichwa vyake vichanga vilivyojikunja kama mkia wa kinyonga. Anasema nipande visiki, na vichwa nivikaange kwa siagi dakika chache tu, ni vitamu. Nyuma ya nyumba nina sehemu chepechepe kando ya ukuta, chini ya bomba la maji ya paa, ambapo hakuna kitu kinachokubali kuota. Je, nipande hapo? Yatahimili theluji? Tutaanza kula lini? Tena nakumbuka milimani Itombwe kulikuwa na majani ya namna hii, na bibi alitukataza kabisa kuyagusa. Je, ni yale yale? Mdogo wangu aliyebaki Uvira ameona picha, anataka nimtumie mbegu."

Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kuwasha jiko. Nianze na mfuko, maana visiki vinaweza kusubiri na mfuko hauwezi. Usikaange vichwa hivyo namna jirani alivyokueleza. Najua hana nia mbaya, na huenda amekula hivyo miaka yote bila kudhurika. Lakini mboga hii ikiwa mbichi au nusu mbichi huangusha watu, na huwezi kujua mapema nani ataanguka. Ichemshe kwanza kwenye maji mengi yanayotokota, dakika 15 kamili, umwage maji hayo, ndipo uikaange ukitaka. Mengine yote nitakayokueleza yanaweza kuwa na "ikiwezekana" na "ukipenda". Hili halina.

Sasa tuseme ni mmea gani. Makangaga ni mimea isiyotoa maua wala mbegu. Majani yake hutoka ardhini yakiwa yamejikunja, kisha hujikunjua taratibu. Hili ulilopewa, kama kweli ndilo, ni kangaga la mbuni, kwa kisayansi Matteuccia struthiopteris. Neno hilo la pili limetoka katika Kigiriki, strouthos ni mbuni na pteris ni kangaga, na ukiliona jani lake mwezi Juni utaelewa: limenyooka, linapanuka kuelekea juu, kisha linasinyaa ghafla nchani, kama unyoya wa mkia wa mbuni. Hufika urefu wa mtu mzima mahali penye maji na udongo mzuri. Ni mmea wa kaskazini ya dunia. Unaota tangu Alaska hadi mashariki ya Kanada na majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani, unaota Skandinavia na Urusi, na Japani wanaula wakiuita kogomi. Hapo Maine makao yake ni kingo za mito, kwenye matope laini yanayoachwa na mafuriko ya theluji inapoyeyuka: Kennebec, Penobscot, Saint John, na Androscoggin unaopita kando ya mji wako.

Wenye mboga hii tangu asili ni Wawabanaki, wenyeji wa nchi hiyo. Wapassamaquoddy na Wamaliseet huiita mahsus, na kwao ni mboga mpya ya kwanza ya mwaka, baada ya miezi mingi ya vitu vilivyohifadhiwa. Wazungu walijifunza kwao. Madukani utaikuta kwa jina la fiddleheads, yaani vichwa vya fidla, kwa sababu mkunjo wake unafanana na ncha iliyochongwa ya chombo hicho cha muziki. Ukisikia jina hilo sokoni mwishoni mwa Aprili au Mei, ujue ndiyo mboga yenyewe.

Nimesema "kama kweli ndilo", na hapo nataka tusimame kidogo, kwa sababu bibi yako hakukosea. Makangaga karibu yote huchipuka yamejikunja. Mkunjo peke yake si alama ya kitu chochote. Chukua kichwa kimoja kutoka kwenye mfuko, keti karibu na dirisha, ukiangalie hivi. Kwanza kigeuze uone upande wa ndani wa kikonyo, ule unaotazama mkunjo. Kangaga la mbuni lina mfereji wa kina upande huo, mfano wa herufi U, kama ule wa bua la seleri. Upitishe ukucha: unaingia na kuteleza mpaka mwisho. Pili papasa kikonyo chenyewe. Kinapaswa kuwa laini, kijani, bila manyoya wala pamba. Tatu tazama magamba. Kichwa kichanga hufunikwa na magamba ya rangi ya kahawia, mepesi kama ganda la kitunguu, na ukisugua kwa kidole yanabanduka.

Alama hizo tatu ziwepo zote kwa pamoja. Mbili hazitoshi. Yapo makangaga mengine ya Maine ambayo hutoka yamevikwa pamba nyeupe au ya rangi ya kutu, kama mtoto aliyefungwa sweta, hayo acha. Lipo jingine jembamba lenye magamba meusi yanayong'ang'ania kikonyo, na mfereji wake ni mwembamba. Hilo nalo acha. Na lipo lile la bibi yako.

Lile la bibi yako kwa kisayansi ni Pteridium aquilinum. Huota karibu kila bara, kuanzia vilima vya Kivu na Burundi hadi Usambara, miteremko ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na hapo hapo Maine pia, kwenye mashamba yaliyoachwa na kando ya misitu mikavu. Halitoki kwenye kisiki kwa duara; kila jani hujitokeza peke yake ardhini, lina vinyweleo, halina ule mfereji, na likianza kujikunjua ncha yake hugawanyika mara tatu kama kucha za tai. Lina sumu iitwayo ptakilosaidi, inayosababisha saratani kwa wanyama. Ng'ombe wanaolila kwa muda mrefu hukojoa damu na kuota uvimbe kwenye kibofu. Farasi huishiwa vitamini B1 kwa sababu lina kimeng'enya kinachoivunja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka katika kundi la 2B, kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Wapo watu duniani wanaolila baada ya kulitibu kwa majivu na maji moto, nami najua hilo. Bado kwa mama mwenye watoto mezani, na mboga nyingine tele sokoni, sioni sababu hata moja ya kulipika. Bibi alijua alichokisema kabla ya maabara kukijua.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, si yale yale. Yana ukoo wa mbali tu.

Turudi kwenye kupika, kwa kuwa ndipo watu wanapoumia hata wakiwa wamechuma kangaga sahihi. Mwezi Mei 1994 watu waliokula mboga hii mikahawani, katika jimbo la New York na huko magharibi ya Kanada, waliugua: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, tumbo kusokota. Wachunguzi wa afya walipofuatilia waligundua kwamba vichwa vilikuwa vya kangaga la mbuni kweli, si vya kangaga jingine. Tofauti ilikuwa jikoni. Waliovikaanga juujuu, au kuvitokosa kidogo ili vibaki vya kijani na kukwaruza menoni, ndio waliougulisha wateja. Mahali vilipochemshwa dakika 10 kabla ya kukaangwa, hakuna mlaji aliyelalamika. Mpaka leo sumu yenyewe haijatambuliwa kwa jina. Kinachojulikana ni kwamba moto wa kutosha unaiondoa, na kwamba dalili huanza kati ya nusu saa na saa 12 baada ya kula. Chuo Kikuu cha Maine na Wizara ya Afya ya Kanada wote wanashauri jambo moja: kuchemsha dakika 15, au kupika kwa mvuke dakika 10 hadi 12. Mikrowevu haifai, kwani moto wake hauenei sawasawa.

Nami nilipitia hapo. Majira yangu ya kwanza ya machipuko kaskazini nilinunua robo kilo, nikaifanya kama ninavyofanya mchicha: kitunguu, mafuta, dakika tano, funika, epua. Usiku ule sikulala, na kesho yake nilishinda kitandani. Nilijilaumu sana, kwa sababu jikoni kwetu tulifundishwa kwamba mboga haziko sawa. Mchicha unaupitisha tu motoni. Sombe huwezi. Sombe unaitwanga, unaichemsha, unaiacha itokote mpaka harufu ile kali iishe, kwa kuwa jani la muhogo lina sumu ya sayanidi ambayo haitoki kwa papara. Mama zetu waliliweka hilo kwenye mikono yao bila kutaja neno sayanidi. Ndiyo maana nakwambia: vichwa hivi uviweke akilini upande wa sombe, usiviweke upande wa mchicha. Ukishavipanga hapo, hutakosea. Mtu akikuambia vinapoteza ladha vikichemka hivyo, mwache na ladha yake.

Hatua zenyewe ziko hivi. Visugue vikavu kwanza, au vitie kwenye mfuko wa wavu uvitikise nje, magamba mengi yapeperuke. Kisha osha kwa maji baridi, badilisha maji, osha tena, mpaka maji ya mwisho yawe meupe. Usiwe na haraka hapa. Ndani ya mkunjo hukaa mchanga wa mto. Kata ncha ya kikonyo iliyogeuka kahawia. Weka sufuria kubwa yenye maji na chumvi, subiri yatokote hasa, tia vichwa, na maji yakianza kutokota tena ndipo uanze kuhesabu dakika 15. Chuja, mwaga maji yote. Usiyahifadhi kwa supu. Baada ya hapo ni mboga yako. Wenyeji hula kwa siagi, chumvi na siki kidogo. Mimi napenda kuvirudisha motoni na kitunguu, nyanya, na karanga zilizosagwa, kwa ugali. Ladha yake iko kati ya asparaga na maharage mabichi, yenye harufu kidogo ya udongo. Mara ya kwanza mle kidogo, kila mtu vichwa vitano sita, muone miili inavyopokea. Watoto wadogo wangoje wakubwa wale kwanza.

Iwapo mtu ataanza kutapika baada ya kula, mpe maji kidogo kidogo, hifadhi mboga iliyobaki usiitupe, na piga simu kituo cha ushauri wa sumu cha Marekani, 1-800-222-1222. Simu hiyo ni bure, usiku na mchana. Sema lugha yako ni Kiswahili na uombe mkalimani. Mara nyingi hali hutulia ndani ya siku moja, lakini mtoto, mzee au mjamzito anayeharisha anaishiwa maji upesi, kwa hiyo usikae nyumbani ukisubiri.

Vikizidi, viweke friza. Vitokose dakika mbili, vitie maji baridi ya barafu, vikaushe, uvipange kwenye mifuko. Hapa watu hukosea: zile dakika mbili ni za kuhifadhi, si za kupika. Siku utakapovitoa friza, lazima vichemke tena dakika 15. Kuvifungia mwenyewe kwenye chupa, kwa sufuria ya presha, usijaribu. Hakuna muda uliopimwa na kuthibitishwa kwa mboga hii, na chakula kilichofungiwa vibaya huzaa sumu ya botulino isiyo na harufu wala rangi.

Sasa visiki vyako vitatu. Theluji isikutie hofu hata kidogo. Mmea huu unavumilia baridi ya nyuzi 35 hadi 40 chini ya sifuri, na Lewiston haifiki huko. Siyo tu kwamba unavumilia, unauhitaji huo usingizi wa baridi ili uchipue vizuri. Majani hukauka na kuanguka kwa baridi ya kwanza ya vuli, kisiki kinabaki chini ya theluji kimelala na vichwa vya mwaka ujao vimeshajifunga ndani yake, tayari. Usiyaondoe majani makavu. Ni blanketi lake.

Utaona pia, kisiki kikikomaa, kwamba katikati ya yale majani marefu ya kijani huota mengine mafupi, magumu, ya rangi ya kahawia nyeusi, kama manyoya yaliyochomwa. Usiyakate ukidhani yana ugonjwa. Hayo ndiyo yanayobeba spora, ile vumbi ya uzazi, na hubaki yamesimama majira yote ya baridi. Kwa mchumaji ni zawadi, kwani mwezi Aprili, kabla hata kichwa kimoja hakijatoka, ukiyaona manyoya meusi yamesimama kwenye tope unajua hapa pana kangaga la mbuni. Mimi huyatumia kama alama ya nne.

Kuhusu mahali. Unyevu wa sehemu ile uliyoitaja ni mzuri, na kivuli cha nusu siku ni kizuri pia. Kinachonisumbua ni ukuta. Nyumba nyingi za Lewiston ni za mbao, zilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo, na kuta zake zilipakwa rangi zenye madini ya risasi. Rangi hizo zilipigwa marufuku majumbani Marekani mwaka 1978, lakini zilizokwisha pakwa zimeendelea kubanduka na kuanguka chini, mwaka baada ya mwaka, hasa kandokando ya ukuta na pale maji ya paa yanapomwagika. Risasi haiozi, haiondoki kwa mvua. Inakaa udongoni. Kwa mtoto mdogo inadhuru ubongo, na hakuna kiwango chake ndani ya damu ambacho tunaweza kukiita salama. Na kichwa hiki cha kangaga, chenye mikunjo na magamba, kinakamata vumbi la ardhini kuliko mboga nyingi. Kusema hakuna kitu kinachoota hapo si ushahidi wa risasi, inaweza kuwa ni maji kutuama tu, lakini sitaki ubahatishe.

Kwa hiyo pima. Chuo Kikuu cha Maine kina maabara ya udongo mjini Orono, na wanapima risasi pia. Ofisi yao ya ugani iliyo karibu nawe itakupa kiboksi na fomu. Chukua udongo kutoka sehemu kadhaa za mahali pamoja, uchanganye, ujaze kiboksi. Majibu yakija safi, panda. Yakija mabaya, bado unaweza kupanda hapo kwa ajili ya urembo na kufunika udongo ili watoto wasiuchezee, jambo ambalo lina faida yake, ila usile hata kichwa kimoja kutoka pale. Na kama nyumba ni ya kupanga, mwambie mwenye nyumba kwa maandishi, kisha uwapeleke watoto wapimwe damu. Majibu yakikawia na visiki vinalalamika, vipande kwanza mbali na ukuta, mita tatu nne, au ndani ya boksi la mbao lenye udongo safi ulionunuliwa.

Kupanda kwenyewe si kazi. Chimba shimo pana kuliko kina, changanya mboji au majani yaliyooza, weka kisiki kikiwa kimesimama wima, kilele chake kiwe sawa na uso wa ardhi au juu kidogo. Ukifukia kile kitovu ambamo vichwa vinatokea, kitaoza. Kati ya kisiki na kisiki acha sentimita 60 hadi 90. Tandaza majani makavu kuzunguka, siyo juu ya kitovu. Halafu maji. Mmea huu unasamehe karibu kila kitu isipokuwa kiu. Mwaka wa kwanza hakikisha udongo haukauki kabisa, hasa Julai na Agosti. Ukikauka, kingo za majani huungua na kugeuka kahawia, na jani lililoungua halirudi. Kisiki chenyewe huwa hakijafa, kwa hiyo usikate tamaa ukaking'oa. Udongo wenye tindikali kidogo unaupenda, na mbolea ya chumvichumvi hauihitaji. Wanyama waitwao paa kwa kawaida hawauli, jambo la faraja kwa mtu wa Maine aliyewahi kupoteza bustani nzima usiku mmoja.

Ukishakaa vizuri utaanza kujiongeza, na hapa mtu wa Uvira ana faida, kwani ameona migomba. Ndivyo hivyo hivyo: kisiki cha mama hutuma mashina membamba chini ya udongo, na hatua moja mbali huchomoza mtoto. Baada ya miaka kadhaa visiki vitatu vinaweza kuwa kichaka kizima. Hiyo ni baraka mpaka siku vinapoingia kwenye bustani yako ya lengalenga na maboga. Chimbua watoto wanaovuka mpaka mapema kabla majani hayajafunguka, uwape majirani kama ulivyopewa wewe. Kuotesha kwa spora sahau. Ni miaka ya kusubiri, na spora za kangaga hili ni za kijani, hufa haraka zikikaa kwenye joto la nyumba.

Lini mtakula vya kwenu? Nisikudanganye. Misimu mitatu usichume kitu. Kisiki kidogo kinaishi kwa majani yake. Kila kichwa unachokata ni jani ambalo halitatengeneza chakula cha mizizi. Kuanzia mwaka wa nne, chagua visiki vilivyonenepa, na kila kimoja uchume vichwa visivyozidi nusu, mara moja tu kwa mwaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maine walijaribu kuchuma vyote kwenye visiki vile vile mwaka hadi mwaka, na visiki vilidhoofika na kufa. Mimi binafsi huchukua thuluthi, kwenye kisiki cha vichwa saba nachukua viwili. Vichumwe vikiwa vimejikunja kwa nguvu, vimeinuka sentimita tatu hadi tano kutoka kwenye kitovu. Vikishaanza kunyooka, umechelewa. Acha viwe majani.

Wakati ukisubiri, unaweza kununua sokoni au kwenda kuchuma mtoni na jirani huyo, na nakushauri uende naye, kwani mwenye macho ya miaka hamsini mtoni ni shule. Ombeni ruhusa kwa mwenye ardhi. Epukeni kingo zilizo karibu na viwanda vya zamani, barabara kubwa na reli. Androscoggin umesafishwa sana tangu sheria ya maji safi ya mwaka 1972, ila matope ya chini yana kumbukumbu ndefu. Vaa suruali ndefu uichomeke ndani ya soksi, na mkirudi kila mtu akaguliwe kupe, hadi nyuma ya magoti na kwenye nywele za watoto. Kupe wa huko ni wadogo kama mbegu ya ufuta na hueneza ugonjwa wa Lyme.

Sasa mdogo wako wa Uvira. Usimtumie. Kwanza hakuna mbegu ya kutuma, na kisiki hakiwezi kuvuka mipaka bila vibali vya afya ya mimea. Pili kingefika, kingekufa: Uvira iko kando ya Ziwa Tanganyika, joto mwaka mzima, na mmea huu bila majira ya baridi huchoka na kuisha. Lakini mpigie simu, tena leo, kwa sababu ya tatu iliyo nzito kuliko hizo. Ameona picha ya vichwa vilivyojikunja na amesikia kuwa dada yake wa Marekani anavila. Akipanda milimani akakuta vinavyofanana, atadhani ni hivyo. Mwambie kwa maneno ya bibi yenu, yale yale aliyowaambia ninyi.

Na ndoo yako isikae juani. Iweke kivulini, funika mizizi kwa gunia lenye maji au udongo mbichi, nyunyizia asubuhi na jioni. Hivyo itavumilia siku kadhaa. Vile vichwa vichanga ambavyo huenda tayari vimetokeza kwenye visiki hivyo, usivichume. Mwaka huu ni vyao.